Kiti cha Kushoto cha Benzi

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi kwa Theodory na mkewe Magreti ilikuwa siku ya kuwasha gari. Gari lililala chini ya paa la bati ubavuni mwa nyumba yao pale Zombo, kwenye njia ya Kilosa kwenda Mikumi. Benzi la dizeli, rangi ya maziwa, la mwaka themanini na mbili, lenye nyota ya pembe tatu puani. Lisipowashwa mara moja kwa wiki, betri ilikuwa inasusa.

Theodory aliingia upande wa usukani. Magreti akazunguka, akafungua mlango wa kushoto, akakaa na kikombe chake cha uji. Theodory akazungusha ufunguo nusu, taa ndogo ya njano ikawaka. Gari la namna ile haliwashwi kwa pupa. Plagi zipate moto kwanza, taa izimike yenyewe, ndipo umalizie ufunguo. Theodory hakusoma, na hesabu za sekunde hazikuwa zake. Aliyehesabu ni Magreti, naye alihesabu kwa sala.

"Salamu Maria, umejaa neema," akaanza, pole pole, jicho kwenye taa. Alipofika "sasa na saa ya kufa kwetu, amina," taa ikazimika. Theodory akamalizia ufunguo. Injini ikaguna mara moja, ikashika.

"Anaitikia huyu," Magreti akasema. "Mjerumani Mkatoliki."

"Wewe na mambo yako."

"Dereva, leo niachie mimi. Mpaka pale shuleni tu, nigeuze nirudi."

"Kumenyesha. Usukani unakuwa mzito."

"Kiangazi ulisema vumbi."

"Vumbi nalo lilikuwapo."

"Na mwaka ule tairi zilikuwa mpya, nisije nikazichafua."

Theodory akacheka puani. "Jumamosi ijayo."

Magreti akanywa uji wake. Jambo hilo alikuwa akiliomba tangu walipooana, miaka thelathini na tisa, na hakuliomba kwa ugomvi. Aliliomba kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamo ndani.

Jumamosi iliyofuata alikuwa ameshazikwa.

Kwenye mazishi mtoto wao wa kwanza, Ditram, alisoma wasifu wa marehemu. Ilikuwa karatasi moja. Marehemu alizaliwa Vidunda mwaka elfu moja mia tisa sitini na mbili. Alipata elimu ya msingi. Alifanya kazi zahanati ya misheni. Alifunga ndoa, akajaliwa watoto wanne. Aliugua ghafla, na akafariki njiani kuelekea hospitali kwa sababu ya barabara kukatika. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Theodory alisikiliza akiwa kwenye kiti cha plastiki, miguu imezama kidogo kwenye tope, akaona kama anasomewa habari za mwanamke mwingine mwenye jina lile.

Magreti mwenyewe alikuwa hivi.

Alishuka kutoka milima ya Vidunda akiwa na miaka kumi na saba, na kitenge kimoja na viatu vya kuazima, akaenda Kilosa kufanya kazi zahanati ya misheni. Kazi yake ilikuwa kufua bandeji, kuzianika na kuzikunja. Aliyemkunjia upande wa pili alikuwa sista mmoja mzee, Mjerumani, ambaye kwao ni mji wenye kiwanda cha magari. Ukutani sista alitundika kalenda iliyokwisha miaka mingi, yenye picha ya gari la magurudumu matatu, na juu yake amekaa mwanamke mwenye kofia. Bandeji ni ndefu. Bandeji moja hadithi moja, nyingine hadithi nyingine, na Magreti hakusahau hata moja.

Theodory wakati huo alikuwa dereva wa meneja wa shamba moja la mkonge nje ya Kimamba. Baba yake alikuwa manamba, mkata mkonge aliyeletwa kwa mkataba kutoka mbali, akafa na miiba mikononi. Kwa hiyo mtoto wa manamba kushika usukani wa Benzi ilikuwa habari. Alikuwa akilifuta asubuhi, mchana na jioni. Siku moja, mwaka themanini na nne, alimleta mpishi wa meneja zahanati, ameungua na mafuta. Akiwa anasubiri nje, msichana mwenye beseni la bandeji akaja akasimama mbele ya boneti.

"Usiguse," Theodory akamwambia. "Utaacha vidole."

"Habari za kazi, dereva."

"Nzuri. Usiguse."

"Unajua nani alilipeleka safarini gari la kwanza la ukoo huu?"

"Si Benzi mwenyewe?"

"Mkewe. Na hakumwomba ruhusa."

Akaweka beseni chini, akamweleza. Kwamba Bwana Benz alitengeneza gari lake, likawa linazunguka pale pale nyumbani, watu wanalitazama kwa wasiwasi na hakuna anayetaka kununua. Kwamba fedha za kuanzia kiwanda zilitoka kwenye mahari ya mkewe, Berta, maana kwao mwanamke ndiye anayekuja na mahari.

"Uongo huo," Theodory akasema.

"Muulize sista. Basi asubuhi moja, mwezi wa nane mwaka elfu moja mia nane themanini na nane, mume amelala. Berta akawachukua wanawe wawili, wakalisukuma mpaka mbali na dirisha, ndipo wakaliwasha. Anakwenda kwao, kwa mama yake. Kilomita mia na zaidi, barabara za mikokoteni. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Breki zikalika, akaita fundi viatu akazipiga ngozi. Mafuta yakaisha, akanunua duka la dawa."

"Duka la dawa?"

"Zahanati kama hii."

"Basi nijazie tangi."

Magreti hakucheka. Alikuwa bado hajamaliza. "Jioni akafika kwa mama yake, akatuma simu ya maandishi: tumefika salama. Baada ya hapo ndipo watu wakaanza kuamini kwamba gari linakwenda. Na hilo jina jingine, Mercedes, ni la mtoto wa kike. Baba yake alikuwa akiuza magari ya kiwanda kingine, akayapa jina la binti yake, halafu viwanda viwili vikaja kuoana. Kwa hiyo mahari ya mwanamke, jina la mwanamke, safari ya mwanamke. Wewe unatafuta nini humo ndani?"

Wiki iliyofuata Theodory alirudi zahanati na mgonjwa mwingine, ambaye hakuwa mgonjwa sana.

Ndivyo walivyooana. Shamba lilipobadilisha wenyewe na meneja kuondoka kwao, Benzi lilikuwa limekaa bandani miaka miwili, kuku wanataga kiti cha nyuma. Theodory alikuwa dereva wa mwisho, akaambiwa alichukue kama kiinua mgongo chake. Wenzake waliochukua baiskeli walimcheka: baiskeli inakula ugali wako tu, hilo linakula dizeli. Yeye na Magreti walilisafisha siku tatu. Magreti akatoa mayai kumi na moja.

Sifa za gari lile hazikuhitaji mtu kuzieleza. Reli iliyopita Kilosa iliwekwa na Mjerumani, na makalvati yake bado yanabeba treni, kwa hiyo watu walikuwa tayari kuamini chuma chochote kinachotoka kule. Halafu wakubwa wa serikali walitembelea Benzi, mpaka wananchi wakawabatiza jina la magari yao. Theodory alipopita na kandambili zake, wazee walivua kofia kabla hawajaona nani yumo. Siku moja Mikumi trafiki alimpigia saluti ya kukanyaga chini, kisha akainama dirishani, akaona mzee, mwanamke, gunia la mahindi na mbuzi.

"Mzee, umeniibia saluti yangu," akasema.

"Mrudishie afande saluti yake, Dereva," Magreti akasema kutoka kushoto, na Theodory akanyoosha mkono kwenye paji la uso. Trafiki alicheka mpaka akasahau kuuliza leseni.

Lakini Magreti hakulipenda gari kwa ajili ya ukubwa. Sista alikuwa amemwambia na mengine, na hakuficha. Kwamba wakati wa vita kuu ya pili kiwanda kile kilitumikisha watu kwa nguvu, mateka na wafungwa, wanaume kwa wanawake, na kwamba yeye sista, msichana wakati huo, aliwaona wakipitishwa barabarani asubuhi. Magreti alimsimulia mumewe habari hizo mara moja tu, jioni moja waliyokuwa wakipukuchua mahindi.

Theodory aliwaza sana. "Kama manamba," akasema.

"Zaidi ya manamba."

"Basi hakuna chuma kisafi."

"Hakuna. Ndiyo maana lazima ukitumie kwa kazi safi."

Kazi safi ilikuwa wagonjwa. Zombo hakukuwa na gari jingine la uhakika, na mwanzoni bodaboda zilikuwa hazijaingia. Miaka thelathini Benzi lilibeba wenye uchungu wa uzazi, walioumwa na nyoka, walioanguka minazini na walioanguka pombeni. Watoto wawili walizaliwa kiti cha nyuma, na mmoja mpaka leo anaitwa Benzi, ingawa kanisani alibatizwa Gabrieli. Theodory aliendesha, Magreti alikaa kushoto, amegeuka nyuma, ameshika mkono wa mgonjwa. Na halikuwahi kumwacha mtu njiani. Theodory, mtu asiye na maneno, alikuwa na maneno hayo tu ya kujisifia. "Hili halijaacha mtu njiani." Aliyasema mpaka yakawa kama shahada yake, yeye ambaye hakuwa na cheti hata kimoja.

Sasa ile Jumapili.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi, masika mabaya. Magreti aliamka na uzito kifuani, pumzi fupi, jasho. Presha alikuwa nayo, lakini hii haikuwa presha ya siku zote. Theodory akazungusha ufunguo nusu. Magreti akasema Salamu Maria kwa sauti ya chini, akiikata kata, na taa ikazimika kabla hajafika mwisho. Saa moja na nusu asubuhi walikuwa barabarani kwenda hospitali Mikumi. Korongo la kwanza, karibu na kijiji, walilivuka, maji ya kifundo cha mguu.

Korongo la pili lilikuwa mbele, kilomita tatu hivi. Hapo maji yalikuwa magotini na yanakwenda kasi. Watu kama sita walikuwa wakivuka kwa miguu, wameshikana mikono. Mmoja wao alikuwa Costancia, muuza ndizi. Naye alizaliwa Vidunda, kwa hiyo Magreti alimwita dada na Theodory alikuwa shemeji yake. Costancia akachungulia dirishani, akamwona Magreti, na utani wote ukamtoka.

"Shemeji, huyu ni wa kubeba. Ng'ambo pale kuna bodaboda mbili. Tuko sita, tunamvusha sasa hivi."

"Subiri maji yapungue. Nitavuka na gari."

"Yapungue? Tazama mlimani kulivyo! Muache Mjerumani wako hapa, hakuna atakayemwiba."

"Kwenye bodaboda atakaaje? Mtu hawezi kupumua."

"Atashikiliwa. Shemeji, tafadhali."

Theodory alitazama maji. Alimtazama mkewe. Alitazama boneti nyeupe na ile nyota. Akasema yale maneno yake. "Hili halijaacha mtu njiani. Nusu saa tu."

Magreti alikuwa amefumba macho.

Wale watu wakavuka. Baada ya nusu saa maji yalikuwa kiunoni. Baada ya saa nzima gogo zima la mti lilipita, likizunguka kama kijiti. Theodory akageuza gari, arudi, wajaribu Kilosa. Akafika korongo la kwanza, lile la kifundo cha mguu. Halikuwapo tena. Palikuwa na mto mwekundu, na ng'ambo watu wa kijijini kwao wakimpungia mikono kwamba asijaribu.

Akakaa pale, injini ikinguruma vizuri. Hakuna kilichoharibika. Mafuta yalikuwapo, tairi zilikuwa nzima, breki zilishika. Gari lilikuwa tayari kwenda popote, na popote palikuwa kilomita tatu. Simu haikushika mtandao. Akarudi korongo la pili. Akarudi la kwanza. Akarudi tena la pili. Kila aliporudi maji yalikuwa yamekula kipande kingine cha barabara, na ile njia ikawa fupi zaidi. Akaanza kuingiza gia kwa nguvu. Zikalia.

Ilikuwa saa nane mchana. Mvua ilikuwa imekata. Magreti akafumbua macho.

"Unaliumiza," akasema. "Shuka."

"Niende wapi?"

"Zunguka. Kaa huku."

"Magreti, wewe ni mgonjwa."

"Nikikaa wima napumua vizuri. Usukani mzito?"

Hakuwa na sababu iliyobaki. Vumbi halikuwapo, tairi zilikuwa kuukuu. Akashuka, akamshika mkewe chini ya makwapa, akamvusha mbele ya boneti hatua kwa hatua, akamkalisha kulia. Yeye akaingia kushoto. Hakuwahi kukaa pale. Kiti kilikuwa na shimo la mwili wa Magreti, naye hakuenea. Kutoka pale barabara ilionekana nyingine, na dashibodi aliyoifuta miaka yote ilikuwa imekwaruzwa na pete ya mkewe, mahali alipokuwa akishikilia kila walipokata kona.

Magreti akazungusha ufunguo nusu. "Sali wewe."

Theodory akasali. Alikuwa akiisikia kila Jumamosi, lakini kuiongoza hakuwahi. Injini ikashika. Magreti akakanyaga klachi kwa mguu uliovimba, akaingiza gia ya kwanza bila kuiliza. Miaka thelathini na tisa alikuwa akitazama. Gari likaondoka taratibu, likapita katikati ya madimbwi, si kama Theodory aliyekuwa akiyakwepa yote, bali akichagua. Akaingiza ya pili. Akateremsha kioo, akatoa kiwiko nje kama madereva wa malori ya Tunduma.

Walipofika korongo la pili, Costancia alikuwa bado amesimama ng'ambo. Hakuwa ameondoka. Alipoona nani yuko kwenye usukani akaweka mikono kichwani, kisha akapiga vigelegele. Sauti ilivuka maji ambayo mtu asingeweza kuvuka. Magreti akampigia honi. Akageuza gari kwa mara tatu kwenye barabara nyembamba, akarudi mpaka la kwanza, watu wa kijijini nao wakamwona. Akageuza tena. Hivyo mara nne. Theodory hakumwelekeza hata mara moja, maana hakukuwa na cha kuelekeza.

Mara ya nne akasimamisha gari penye maji ya korongo la pili, akavuta breki ya mkono, akazima. Akasema maneno fulani. Kisha akaegemeza kichwa. Saa kumi, jua limetoka, akakata pumzi, ufunguo ukiwa mkononi mwake.

Maji yalishuka jioni, kabla jua halijazama. Watu waliokuwa ng'ambo wakavuka, wakamlaza Magreti kiti cha nyuma, Costancia akampakata kichwa. Theodory akawasha. Benzi likavuka bila hata kukohoa.

Tangu hapo hajaliwasha. Kila Jumamosi anafungua mlango wa kushoto, anakaa katika lile shimo, anafunga vioo. Anaanza Salamu Maria, anafika "sasa na saa ya," na hapo anakwama. Bila kumaliza hakuna taa inayozimika, na bila taa hakuna ufunguo. Betri imekufa. Wanunuzi wamekuja kutoka Morogoro, wamegonga boneti kwa vidole, wamesema chuma kama hiki siku hizi hakuna, naye amewatazama tu kupitia kioo, kama mtu aliye ndani ya maji.

Siku ya arobaini ya msiba, mwaka juzi ule ule, jumuiya walisali uani, mbele ya gari. Ditram akakunjua ile karatasi ya wasifu, aisome tena. Theodory akasimama.

"Kunja hiyo," akasema.

"Baba, watu wanasubiri."

"Kunja. Hapo umeandika barabara ilikatika. Barabara ilikatika baadaye. Kwanza watu walitaka kumbeba, nikakataa kwa ajili ya hili gari. Andika hivyo."

Costancia akanyanyuka kwenye mkeka. "Shemeji, yaliyopita…"

"Kaa, shemeji. Wewe uliniambia." Akashika paa la gari. "Mnaniuliza kila siku, Magreti alikwama wapi, alikwama vipi. Pale penye maji, alipozima gari, alinipa la kuwajibu. Sikulisema siku zote hizi kwa sababu lilinihusu. Alisema hivi: 'Ukiulizwa, usiseme tulikwama. Uliyekwama ni wewe, Dereva. Mimi nilikuwa naendesha.'"